Miaka 65 Haisubiri Kustaafu: Kujiandikisha Medicare kwa Wakati

Miongoni mwa wanaochangia miradi yetu wapo wana wa parokia zetu ambao wameishi Marekani kwa miaka mingi. Waliondoka wakiwa vijana, wakafanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee, hospitalini, viwandani, mashuleni na barabarani kama madereva. Kila walipopata nafasi walikumbuka kisima, zahanati au shule ya nyumbani. Wengi wao sasa wanakaribia umri wa miaka 65. Kwa upande mwingine, kamati za parokia huku nyumbani zinajua maana ya kupigiwa simu kwamba mzee aliyekuwa Marekani amelazwa, bili ni kubwa na bima hana.

Makala haya yanawahusu wote wawili. Tunaeleza namna ya kujiandikisha katika Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, na hasa wakati wa kufanya hivyo. Jambo kubwa tunalotaka msomaji aondoke nalo ni hili: saa ya Medicare huanza kuhesabu mtu anapokaribia miaka 65, awe amestaafu au bado yuko kazini. Anayeipuuza anaweza kulipa zaidi kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake, na pengine akakaa miezi kadhaa bila bima wakati anapoihitaji sana.

Medicare ni nini?

Medicare ilianzishwa kwa sheria iliyotiwa sahihi na Rais Lyndon B. Johnson tarehe 30 Julai 1965, na huduma zikaanza tarehe 1 Julai 1966. Ina sehemu nne, nazo hutajwa kwa herufi.

Sehemu A hulipia kulazwa hospitalini. Kwa mwaka 2026 mgonjwa anayelazwa hutangulia kulipa dola 1,736 kutoka mfukoni, kisha Sehemu A hubeba gharama za hospitali kwa siku 60 za kwanza. Baada ya hapo mgonjwa huanza tena kuchangia kwa kila siku.

Sehemu B hulipia madaktari, vipimo, matibabu ya wagonjwa wa nje na vifaa kama kiti cha magurudumu. Mchango wake wa kawaida kwa mwaka 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi, na wenye kipato kikubwa hulipa zaidi. Mgonjwa akishatimiza dola 283 za mwanzo wa mwaka, Sehemu B hulipa asilimia 80 ya gharama iliyokubaliwa, naye hubaki na asilimia 20.

Sehemu C ni mipango ya kampuni binafsi inayounganisha A na B, na mara nyingi dawa pia. Mgonjwa hutakiwa kwa kawaida kutumia madaktari na hospitali zilizo katika orodha ya mpango wake. Sehemu D ni bima ya dawa.

Ifahamike kwamba Medicare ya kawaida hailipii kila kitu. Matibabu ya kawaida ya meno, miwani na vifaa vya kusikia kwa sehemu kubwa havimo. Vilevile haimlipii mzee kuishi miaka katika nyumba ya kutunzia wazee. Jamaa zetu wanaofanya kazi katika nyumba hizo wanalijua hilo vizuri.

Nani ana haki ya kuipata?

Swali la kwanza la kujiuliza ni: nina robo ngapi? Marekani huhesabu kazi ya mtu kwa robo za mwaka. Mwaka 2026 kila dola 1,890 za mshahara uliokatwa kodi humpa mtu robo moja, na kwa mwaka mmoja hawezi kupata zaidi ya robo nne. Mwenye robo 40, yaani takribani miaka 10 ya kazi, hupata Sehemu A bila kulipa mchango wa mwezi. Alikwisha kuilipia kwa makato ya asilimia 1.45 ya mshahara wake, na mwajiri akaongeza kiasi kama hicho.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki hujazwa na kazi iliyoandikwa tu. Malipo ya mkononi yasiyotolewa kodi hayahesabiwi. Miaka ya kazi Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo nayo haihesabiwi, hata kama mtu alichangia NSSF kwa uaminifu. Aliyefika Marekani akiwa na miaka 58 na kuanza kazi mara moja atakuwa na robo 28 hivi atakapotimiza miaka 65.

Aliyepungukiwa ana njia nyingine. Kwanza, anaweza kutumia robo za mume au mke wake, mradi mwenzake huyo ana robo 40 na ametimiza angalau miaka 62. Pili, anaweza kununua Sehemu A. Kwa mwaka 2026 bei ni dola 311 kwa mwezi kwa mwenye robo 30 hadi 39, na dola 565 kwa mwenye robo chini ya 30. Tatu, anaweza kuchukua Sehemu B peke yake kwa mchango wa kawaida.

Hapa ndipo suala la makaratasi linapoingia. Asiye raia anayetaka kununua Medicare bila robo 40, zake au za mwenzake, anapaswa kuwa na ukaazi wa kudumu, ule ambao wengi huuita grini kadi, na awe ameishi Marekani miaka 5 mfululizo kabla ya kuomba. Jambo hili linawagusa wazazi wanaoletwa na watoto wao. Mama wa miaka 70 anayefika leo kwa kadi ya ukaazi hawezi kuingia Medicare kesho, na kwa kawaida kazi ya mtoto wake haimhesabii yeye. Familia inayopanga kumleta mzazi inapaswa kujua mapema ni bima gani nyingine itamfunika kwa miaka hiyo 5.

Aidha, sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025 imebadilisha mambo kwa wakimbizi. Sasa asiye raia anapaswa kuwa na ukaazi wa kudumu, isipokuwa makundi machache ya Wacuba, Wahaiti na wananchi wa visiwa kadhaa vya Pasifiki. Mkimbizi au aliyepewa hifadhi ambaye hajapata kadi ya ukaazi hana tena haki ya Medicare, hata kama alikatwa kodi kwa miaka 10. Waliokuwa tayari ndani waliwekewa ukomo wa miezi 18 tangu sheria ilipotiwa sahihi, yaani hadi mwanzoni mwa Januari 2027. Kwa ndugu zetu wengi kutoka Kongo walioingia Marekani kama wakimbizi, ushauri wetu ni mmoja: mkimbizi aliyetimiza mwaka mmoja nchini anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na mzee asiahirishe ombi hilo.

Dirisha la miezi saba

Muda wa kwanza wa kujiandikisha ni miezi 7. Huanza miezi 3 kabla ya mwezi wa kutimiza miaka 65, hujumuisha mwezi wenyewe, na huendelea kwa miezi 3 baada yake.

Tuchukue mfano wa mama aliyezaliwa tarehe 20 Septemba 1961. Anatimiza miaka 65 Septemba 2026. Dirisha lake linafunguka tarehe 1 Juni 2026 na kufungwa tarehe 31 Desemba 2026. Akijiandikisha Juni, Julai au Agosti, bima yake huanza tarehe 1 Septemba. Akingoja hadi Septemba au baadaye, huanza mwezi unaofuata ule aliojiandikisha. Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza ndiyo bora.

Wapo wazee wetu wengi ambao hati zao zinaonyesha wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu siku halisi haikuandikwa popote. Hao wazingatie kwamba aliyezaliwa tarehe 1 ya mwezi huhesabiwa kuwa anastahili mwezi mmoja kabla. Aliyeandikwa tarehe 1 Januari 1962 anastahili Medicare kuanzia tarehe 1 Desemba 2026, na dirisha lake ni Septemba 2026 hadi Machi 2027.

Je, serikali haimwandikishi mtu yenyewe? Humwandikisha yule tu ambaye tayari anapokea malipo ya Social Security, yaani Hifadhi ya Jamii ya Marekani, angalau miezi 4 kabla ya kutimiza miaka 65. Huyo hutumiwa kadi kwa posta. Lakini kwa waliozaliwa mwaka 1960 na kuendelea, umri wa kupata pensheni kamili ya Social Security ni miaka 67. Kwa sababu hiyo wengi hawachukui pensheni wakiwa na 65. Hakuna kadi itakayowafikia yenyewe. Ni lazima waombe wenyewe katika ofisi ya Social Security, kwa simu au kwenye tovuti ya ssa.gov.

Tuondoe pia mkanganyiko mmoja. Kila mwaka kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba televisheni za Marekani hujaa matangazo ya Medicare. Kipindi hicho ni cha walio ndani tayari, wanaotaka kubadilisha mpango wa dawa au wa Sehemu C. Anayengoja matangazo hayo ili ajiandikishe Sehemu B kwa mara ya kwanza anaweza kukuta dirisha lake limekwisha kufungwa.

Kama bado uko kazini

Swali la pili ni: nina bima ya kazini, na ni ya mwajiri wa namna gani? Wengi huamini kwamba mwenye bima ya kazini hana haja ya kufikiria Medicare. Hilo ni kweli kwa baadhi tu.

Ikiwa wewe au mwenzi wako bado anafanya kazi kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, na bima inatokana na kazi hiyo, bima ya kazini hulipa kwanza. Unaweza kuahirisha Sehemu B bila adhabu. Wengi walio katika hali hii huchukua Sehemu A kwa sababu haina mchango. Hata hivyo, mwenye akaunti ya akiba ya matibabu iitwayo HSA awe mwangalifu. Aliye ndani ya Medicare haruhusiwi kuendelea kuweka fedha katika akaunti hiyo. Tena, anayeomba Sehemu A baada ya miaka 65 hurudishiwa tarehe ya kuanza hadi miezi 6 nyuma, kwa hiyo aache kuchangia HSA miezi 6 kabla ya kuomba.

Ikiwa mwajiri ana wafanyakazi chini ya 20, Medicare ndiyo hulipa kwanza. Bima ya kazini inaweza kukataa kulipa sehemu ambayo Medicare ingelipa. Wapo jamaa zetu wanaofanya kazi katika nyumba ndogo za kutunzia wazee na katika kampuni za familia. Hao wasiahirishe Sehemu B kabla ya kuuliza idara ya utumishi na kupata jibu kwa maandishi.

Kazi ikiisha, au bima ya kazini ikiisha, lolote litakalotangulia, unapewa miezi 8 ya kujiandikisha Sehemu B bila adhabu. Hapo hujazwa fomu mbili: CMS-40B ya kuomba, na CMS-L564 ambayo mwajiri huthibitisha kwamba ulikuwa na bima ya kazini. Fomu hii ya pili ijazwe mapema, kwa maana mwajiri akifunga biashara au akihama, kuipata ni shida.

Tunasisitiza jambo moja. Aliyeacha kazi anaweza kuruhusiwa kuendelea na bima ya mwajiri wa zamani kwa kuilipia mwenyewe, katika utaratibu uitwao COBRA. Huo hauhesabiwi kuwa bima ya kazi. Miezi 8 inaendelea kuhesabiwa huku mtu akidhani yuko salama, na COBRA ikiisha baada ya miezi 18 anakuta amechelewa.

Gharama ya kuchelewa

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Sehemu B, kila miezi 12 kamili ya kuchelewa huongeza asilimia 10 kwenye mchango, na nyongeza hiyo haiondoki. Aliyechelewa miaka 3 bila sababu inayokubalika huongezewa asilimia 30. Kwa mchango wa 2026 hiyo ni karibu dola 61 kwa mwezi, zaidi ya dola 730 kwa mwaka, na itapanda kila mchango unapopanda.

Katika Sehemu D nyongeza ni asilimia 1 ya mchango wa msingi wa kitaifa kwa kila mwezi ambao mtu alikaa bila bima ya dawa inayokubalika, ikiwa alikaa hivyo siku 63 au zaidi mfululizo. Hata asiyetumia dawa yoyote leo anafanya vyema kuchukua mpango wa bei nafuu.

Pamoja na fedha, kuna muda. Aliyepitwa na dirisha lake hujiandikisha kati ya tarehe 1 Januari na 31 Machi tu, na bima huanza mwezi unaofuata. Anayegundua kosa mwezi Mei angoje hadi Januari, na mapema kabisa atafunikwa tarehe 1 Februari.

Lipo dirisha lingine moja lisilojulikana sana. Bima za ziada ziitwazo Medigap husaidia kulipa ile asilimia 20 inayobaki kwa mgonjwa. Kwa miezi 6 tangu Sehemu B ianze kwa mtu wa miaka 65 au zaidi, kampuni haiwezi kumkataa kwa sababu ya kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa mwingine. Baada ya hapo, katika majimbo mengi inaweza.

Wenye kipato kidogo wasikate tamaa. Kila jimbo lina mipango ya kusaidia kulipa mchango wa Sehemu B kwa wanaostahili, na anayeingia katika mipango hiyo huondolewa pia nyongeza ya kuchelewa. Upo vilevile msaada wa serikali kuu kwa gharama za dawa, uitwao Extra Help.

Wanaotaka kurudi nyumbani

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote kwa wasomaji wetu: nitaishi wapi? Wengi wamejenga nyumba Moshi, Bukoba, Kisumu au Machakos, na nia yao ni kuzeekea huko. Ni lazima tuseme wazi: isipokuwa katika mazingira machache sana, Medicare hailipi matibabu nje ya Marekani. Mwenye kadi ya Medicare anayelazwa Dar es Salaam au Nairobi atalipa kama mtu asiye na bima.

Anayekwenda nyumbani kwa likizo anaweza kuwa na kinga kidogo. Baadhi ya mipango ya Medigap hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura katika siku 60 za kwanza za safari, baada ya mgonjwa kutangulia dola 250, kwa ukomo wa dola 50,000 katika maisha yake yote. Aliye katika Sehemu C asome masharti yake, maana kwa kawaida anayekaa nje ya eneo la mpango kwa zaidi ya miezi 6 huondolewa.

Anayehama moja kwa moja ana uamuzi wa kufanya. Sehemu A isiyo na mchango aiweke, kwani haimgharimu kitu. Sehemu B ndiyo yenye mizani. Akiendelea kuilipia kwa miaka 7 akiwa nyumbani, kwa bei ya 2026 atakuwa ametoa zaidi ya dola 17,000 kwa bima ambayo haimtibu alipo. Akiikataa na kurudi Marekani baada ya miaka 7, ataongezewa asilimia 70, yaani karibu dola 142 kila mwezi. Kwa hesabu tupu, itamchukua miaka 10 ya kulipa nyongeza hiyo kufikia fedha aliyookoa.

Hesabu hiyo ingewafanya wengi waikatae Sehemu B mara moja. Lakini wazee hurudi Marekani wakati gani? Mara nyingi ni wakati wa ugonjwa mkubwa, watoto wanaposema, "Baba, njoo utibiwe huku." Mzee akifika mwezi Mei bila Sehemu B, hospitali italipiwa na Sehemu A, lakini madaktari wanaomtibu wakati amelazwa, vipimo na kliniki baada ya kutoka ni vya Sehemu B. Atangoje hadi Januari. Saratani haingoji hadi Januari.

Hivyo hatutoi jibu moja kwa wote. Mwenye watoto wote nyumbani, anayenuia kutibiwa na kuzikwa huko, anaweza kuiacha Sehemu B na kutumia fedha hiyo kwa bima ya nyumbani. Mwenye watoto Marekani, anayejua moyoni kwamba ataugua atarudi, afikirie sana kabla ya kuiacha. Kwa vyovyote vile, aulizie mapema masharti ya NHIF Tanzania, au ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo nchini Kenya ilichukua nafasi ya NHIF ya huko kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024. Na asiye raia wa Marekani akumbuke kwamba kukaa nje ya nchi kwa muda mrefu, hasa zaidi ya mwaka bila kibali cha kurejea, kunaweza kumpotezea kadi ya ukaazi. Bila hiyo kadi, na Medicare hana.

Watumishi wa Kanisa na wa kujitolea

Mapadre na wachungaji wetu wanaotumikia Marekani wana jambo lao la pekee. Kwa kodi ya Social Security na Medicare, mhudumu wa dini huhesabiwa kama aliyejiajiri kwa mapato ya huduma yake, na hulipa mwenyewe. Sheria inamruhusu anayepinga bima hiyo kwa sababu za dini au dhamiri kuomba msamaha kwa fomu 4361, katika miaka yake miwili ya mwanzo ya mapato ya huduma. Msamaha huo hautolewi kwa sababu za kuokoa fedha tu, na kwa kawaida haufutiki. Aliyeuchukua akiwa kijana, asiwe na kazi nyingine, atafika miaka 65 bila robo.

Watawa wenye nadhiri ya ufukara hawakatwi kodi hiyo kwa kazi wanayolifanyia shirika lao, isipokuwa shirika limeamua rasmi kuwaingiza wanachama wake. Wakuu wa mashirika wanaotuma masista na mabruda Marekani waulize jambo hili kabla, wakati bado kuna miaka ya kutosha mbele.

Kwa wanaokuja kujitolea kwetu kutoka Marekani, ipo habari njema. Aliyejitolea nje ya Marekani angalau miezi 12 kwa shirika lisilotozwa kodi, akiwa na bima ya afya kwa muda huo, hupewa miezi 6 ya kujiandikisha Sehemu B bila adhabu anapomaliza. Ahifadhi barua ya shirika na uthibitisho wa bima.

Kamati za parokia zinaweza kusaidia vipi?

Kamati haiwezi kumjazia mtu fomu za Marekani, lakini ina kitu ambacho ofisi za Marekani hukithamini, nacho ni daftari la ubatizo. Social Security hukubali kumbukumbu ya dini kuwa ushahidi mzuri wa umri, ikiwa iliandikwa kabla mtoto hajatimiza miaka 5. Mzee ambaye pasipoti yake na cheti chake cha ndoa vina tarehe mbili tofauti anaweza kuokolewa na mstari mmoja katika daftari la mwaka 1961. Basi madaftari ya zamani yatunzwe mbali na mchwa na maji, na ombi la nakala kutoka kwa mwana parokia aliye ng'ambo lisikae mezani miezi.

Pili, kamati inaweza kuuliza. Anapokuja mwana parokia wa Marekani kwa likizo, naye ana miaka 62 au 63, tusiishie kumwonyesha msingi wa darasa jipya. Tumuulize kwa heshima: "Mzee, mambo ya bima ya uzeeni umeyapanga?" Michango ya dharura ya hospitali huja kwa parokia hiyo hiyo aliyoisaidia. Kuuliza mapema ni namna ya kumshukuru.

Mambo ya kufanya

1. Ukiwa na miaka 62: fungua akaunti kwenye ssa.gov au fika ofisini, uhesabu robo zako na kuhakikisha kila mwaka wa kazi umeandikwa.

2. Ukiwa na miaka 63: linganisha majina na tarehe za kuzaliwa katika hati zako zote, na uombe nakala ya ubatizo kama inahitajika.

3. Ukiwa na miaka 64: andika tarehe ya kufunguka na kufungwa kwa dirisha lako mahali ambapo familia yote itaiona. Pata kwa maandishi idadi ya wafanyakazi wa mwajiri wako na kama bima yake ya dawa inakubalika kwa Medicare.

4. Miezi 3 kabla ya kutimiza 65: jiandikishe, au uthibitishe kwamba una sababu halali ya kuahirisha.

5. Unapoacha kazi: usingoje miezi 8 iishe. Peleka fomu zote mbili mwezi uleule, na uchukue bima ya dawa bila kuchelewa.

6. Kabla ya kuhama: kaa na watoto, mfanye uamuzi wa Sehemu B pamoja.

Ushauri wa bure hupatikana kila jimbo katika mpango wa ushauri wa bima ya afya uitwao SHIP, ambao hauuzi bima ya kampuni yoyote. Namba ya Medicare ni 1-800-633-4227, na ya Social Security ni 1-800-772-1213. Anayepiga anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Aandike tarehe ya simu, jina la aliyemhudumia na alichoambiwa. Viwango vya fedha tulivyotaja ni vya mwaka 2026, navyo hubadilika kila mwaka, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa.

Tunaziomba kamati zisome makala haya katika mkutano wa robo hii, na kila familia yenye ndugu Marekani aliyefikisha miaka 60 imtumie nakala.